Maua yaliyokataa kuchanua chini ya taa ya msikiti

Kwa miezi mitano mimea kumi na minane ilisimama kando ya mahali pa kutawadhia katika msikiti wetu hapa Same mjini, ikiwa na afya tele, majani yake ya kijani kibichi, mashina yake marefu hata yakahitaji kuegemezwa kwa vijiti, na isitoe hata tumba moja. Hatua kumi na tano kutoka hapo, nyuma ya ukuta wa madrasa, mimea sita iliyotokana na shina lilelile, iliyopandwa alasiri ileile na kwa mikono ileile, ilikuwa imejaa maua ya manjano kiasi cha kuwafanya watoto wachelewe kuingia darasani.

Jambo hilo lilizua maneno. Wapo waliosema ni husda. Wapo waliosema samadi ya mbuzi tuliyoweka ilizidi kipimo. Mzee mmoja wa kamati, ambaye tangu mwanzo hakuupenda mpango huu, alisema kwa upole unaouma kuliko ukali, "Katibu, hata maua yenyewe yamejua kwamba maji ya msikiti si yake." Sikuwa na jibu, kwa maana mimi ndiye niliyeyaleta, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati kuomba ruhusa ya kuyapanda.

Ua lenyewe ni krisanthemamu. Mwanasayansi Carl Linnaeus aliyelipa jina la kitaalamu alilitoa katika maneno ya Kiyunani yenye maana ya ua la dhahabu. Wachina wamelilima kwa zaidi ya miaka elfu moja, na Wajapani wamelifanya kuwa nembo ya mfalme wao. Waislamu wa India na Pakistan wanaliita kwa Kiurdu "gul-e-daudi", yaani ua la Daudi, na Waajemi nao wana jina la namna hiyohiyo. Waarabu wana jina "uqhuwan" kwa jamii ya maua haya yenye kitovu cha manjano na petali nyeupe kandokando, na washairi wao wa kale walipotaka kusifia meno ya mtu waliyafananisha nayo. Sisi wa milimani hatukuwa na jina maalumu. Bibi yangu wa Usangi, aliyenipa mbegu ya kwanza, aliyaita maua ya baridi tu, na nadhani jina lake lilikuwa sahihi kuliko yote.

Anayeijua milima ya Pare atalielewa jina hilo. Masika yakishaondoka mwishoni mwa Mei, ukungu hushuka asubuhi juu ya Usangi, Vudee na Chome, watu hutafuta makoti, na maua mengi yaliyopendeza wakati wa mvua huanza kusinyaa. Hapo ndipo ua hili huchukua zamu yake. Juni, Julai na Agosti, miezi ya kipupwe, hulikuta limechanua mbele ya nyumba za wazee, likivumilia baridi ya usiku bila kulalamika. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya hulisifu kwa jambo hilohilo, kwamba ni ua la mwisho wa mwaka, linalochanua Oktoba na Novemba wakati miti yao inapopukutisha majani. Wafasiri wetu wamezoea kuyaita majira hayo ya Ulaya "vuli", jambo linalomchanganya kila mkulima wa Kipare, kwa kuwa vuli yetu ni mvua ya kupandia mahindi na maharage, wala si wakati wa kuaga bustani.

Nilipokwenda kumsalimu bibi mwaka ule nilimkuta akipunguza kichaka chake kando ya kinu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Huko kwenu Same bado mnakula vumbi?" Nikamwambia bado tunakula. Akavunja machipukizi, akayafunga katika jani la mgomba lililoloweshwa maji, akanikabidhi kama mtu anayetoa amana. Nilipanda gari la kushuka Kisangara nikiwa nimeyapakata mapajani.

Vumbi alilolitaja bibi si mzaha. Upepo wa mvua unaotoka Bahari ya Hindi huigonga milima, ukamwaga sehemu kubwa ya mvua yake upande wa mashariki na huko juu, sisi tulioko upande wa magharibi tukabaki na mawingu ya kuangalia. Uwanja wa msikiti wetu ulikuwa mwekundu na mtupu. Upepo wa Agosti ulipovuma, mikeka ya upande wa akina mama, ulio karibu na geti, ilibadilika rangi kabla ya Adhuhuri. Akina mama ndio walioleta hoja kwenye kamati. Hawakuomba maua, waliomba kitu chochote kilicho hai kishike udongo ule. Maua yalikuwa nyongeza yangu mimi.

Mzee wetu alitoa hoja tatu za kupinga, na ningependa nizieleze kwa uadilifu, kwa kuwa hazikuwa hoja dhaifu.

Ya kwanza ilikuwa ya wakfu. Ardhi ya msikiti ni wakfu, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, akiwemo Imam Nawawi, wameona ni makuruhu kupanda miti ndani ya msikiti. Ni kweli. Lakini sheikh wetu alitufafanulia kwamba maneno hayo yanahusu mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti wenyewe, mahali ambapo mtu husali na kukaa itikafu. Uwanja wa nje ulionunuliwa kwa ajili ya huduma za msikiti, kama choo, mahali pa kutawadhia, madrasa na njia, hukumu yake hufuata maslahi na sharti la aliyetoa wakfu. Tukafungua hati, tukaisoma mbele ya wote, na ikaonekana kipande kile kilinunuliwa kwa michango kwa ajili ya huduma za msikiti. Nawashauri makatibu wenzangu wa kamati wafanye hivyo kabla ya kushika jembe. Hati nyingi za misikiti yetu zimekaa kabatini bila kufunguliwa tangu siku ziliposainiwa.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba ua haliliwi. "Pandeni mchicha," alisema. "Pandeni mpapai, msafiri apate tunda." Hapa alikuwa amesimama juu ya hadithi inayojulikana na kila mtoto wa madrasa, kwamba Muislamu hapandi mti wala mmea akala humo ndege, mtu au mnyama isipokuwa huandikiwa sadaka. Nilimjibu kwamba nyuki naye hula, na Mwenyezi Mungu (SW) amempa sura nzima yenye jina lake. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na nyuki wanakula katika ua hilo?" Nilisema ndiyo kwa haraka. Baadaye nilipochunguza niligundua kuwa nilijibu nusu ya ukweli. Krisanthemamu zenye petali zilizofungamana kama mpira, zile zinazopendwa na wauza mashada, humwachia nyuki kidogo sana au humnyima kabisa. Zile za kienyeji za bibi, zenye safu moja ya petali na kitovu kilicho wazi, nyuki huzijaa tangu jua linapochomoza. Basi anayetaka kupanda kwa nia ile ya hadithi na achague hizo, hata kama hazina fahari ya kununuliwa. Zaidi ya hayo, Sura An-Naml, katika aya ya 60, inazitaja bustani zenye kupendeza miongoni mwa dalili za uwezo wa Muumba, na kupendeza huko hakukutajwa kama jambo la upuuzi.

Hoja ya tatu ilikuwa ya maji, na hiyo ndiyo iliyokuwa nzito.

Hapa Same mtu hafundishwi thamani ya maji. Tumekua tukiyabeba. Hata sasa ambapo kuna mradi mkubwa wa kuleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu kwa watu wa Same, Mwanga na Korogwe, hakuna mama wa mji huu atakayemwaga maji aliyooshea mboga bila kwanza kutazama kama kuna mche wa kuuwekea. Kuomba maji ya msikiti kwa ajili ya maua, katika mji kama huu, ni kuomba kuaibishwa. Sikuomba. Nilichoomba ni yale yanayotiririka baada ya mtu kuosha miguu.

Tulifanya jaribio dogo siku moja ya Ijumaa. Tuliweka ndoo ya lita 20 chini ya koki, bila kuwaambia watu, na watu wanne tu wakaijaza. Mtume (SAW), kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kinachokadiriwa kuwa takribani theluthi mbili za lita. Sisi tulio katika nchi kame tulikuwa tukitumia mara saba ya kipimo cha Mtume aliyeishi jangwani. Matokeo yake tuliyabandika ukutani juu ya koki, na nadhani karatasi ile imefanya kazi kubwa kuliko khutba mbili nilizozisikia juu ya israfu. Lakini hata baada ya watu kupunguza, maji bado yalitoka, na yalikuwa yakipotelea katika shimo nyuma ya ukuta, yakizalisha mbu.

Maji hayo katika fikihi yetu huitwa mustaamal. Ni tohara ila hayatoharishi. Hutawadhi kwayo tena, lakini si najisi, na hakuna kizuizi cha kuyapeleka kwenye mmea. Kilichotulazimu ni kutenganisha mfereji wake na ule wa chooni, na kuwaomba wanaofua kanzu zao msikitini (wapo, na wanajijua) wafanye hivyo nyumbani, kwa sababu maji ya sabuni nyingi huharibu udongo.

Namna ya kuyahifadhi hatukuitoa mbali. Wazee wa Kipare walijenga ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe, kama ile ya Manoo kule Bangalala, ambayo hukusanya maji ya mfereji wakati wa usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu, kila shamba na saa yake. Fundi mmoja wa msikiti wetu, mwenye asili ya huko, alitazama mfereji wetu akacheka, akasema, "Hii inataka ndiva." Akachimba shimo la urefu wa mita moja na nusu, akalijengea kwa mawe na saruji kidogo, akalifunika kwa wavu kuzuia mbu na watoto. Maji ya Magharibi, Isha na Alfajiri huingia humo, na baada ya Alfajiri kijana wa zamu hutoa kizibo cha kitambaa, yakatiririka katika mfereji mdogo kupita miguuni mwa mimea. Siku ya kwanza yalifika mmea wa kumi na moja. Siku hizi yanafika mwisho na kubaki.

Basi tukapanda, tukanywesha, tukasubiri, na mimea kumi na minane haikuchanua.

Siri yake ilifichuliwa na kijana aliyepita safarini kwenda Tanga akashuka kuswali Ijumaa. Alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa katika shamba la maua upande wa Usa River, mkoani Arusha. Baada ya swala alisimama mbele ya mimea yetu, akainua macho juu, akaona taa ya ulinzi iliyofungwa ukutani. "Katibu," akaniuliza, "hii taa huwa mnaizima saa ngapi?" Nikamwambia haizimwi. Tuliifunga baada ya koki za shaba kuibiwa mara mbili, na tangu hapo huwaka kuanzia Magharibi hadi jua litoke. Akatabasamu. "Basi mnayanyima usiku."

Maelezo yake, ambayo baadaye niliyathibitisha vitabuni, ni haya. Krisanthemamu haichanui kwa kufuata mvua wala joto peke yake, huhesabu giza. Mchana ukiwa mrefu, zaidi ya saa kumi na tatu na nusu hivi, mmea hujiona bado una muda, ukaendelea kurefuka na kutoa majani. Usiku ukirefuka, mmea hutambua kwamba wakati umefika, ukaanza kutengeneza matumba. Na lazima giza hilo liwe moja, lisilokatizwa. Mwanga wa taa katikati ya usiku, hata usio mkali, huufanya mmea uone kana kwamba usiku haukuwapo.

Ratiba ya swala inaweza kutufafanulia jambo hili kuliko kitabu chochote. Ndugu zetu walioko London huswali Magharibi ya Juni baada ya saa tatu usiku, na ile ya Desemba kabla ya saa kumi alasiri. Ndiyo maana Ramadhani ikiwaangukia Juni hufunga kwa saa nyingi mno. Krisanthemamu ya huko nayo hukaa majira yote ya kiangazi bila kuchanua, kisha siku zikifupika hupata idhini. Hapa Same, tulio takribani nyuzi nne kusini mwa Ikweta, tofauti baina ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima ni nusu saa hivi. Magharibi yetu husogea kidogo tu, na kila usiku wetu una saa karibu kumi na mbili. Kwa ua hili kila usiku wa Same ni usiku wa kuchanua.

Kumbe basi shida ya kweli ya mkulima wa huku ni kinyume cha yetu. Bila taa, kipandikizi hukimbilia kuchanua kikiwa bado kifupi kama kiganja, kikatoa ua moja au mawili na kuchoka. Ndiyo sababu mashamba ya maua ya Arusha, na yale ya Naivasha nchini Kenya, huwasha taa usiku kwa makusudi ili mimea irefuke kwanza na kutoa machipukizi mengi, kisha huzizima siku wanayotaka hesabu ya maua ianze. Kilichokuwa aibu kwangu mbele ya kamati, wenzetu wanakilipia umeme.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu. Vijana walitaka taa izimwe. Mweka hazina, aliyelipia koki mara mbili, hakutaka hata kulisikia neno hilo, na haki ilikuwa kwake: amana ya mali ya msikiti huja kabla ya uzuri wa uwanja. Mtu mmoja akapendekeza tuhamishe mimea. Mwishowe fundi yuleyule wa ndiva alikata debe la mafuta, akalikunja likawa kofia, akalifunga juu ya taa ili mwanga uangukie koki na mlango peke yake. Kofia haikuzidi thamani ya debe lenyewe. Mimea minane ikaingia gizani, kumi ikabaki kwenye mwanga kwa kuwa kofia haikuweza kuikinga.

Tulihesabu wiki. Ya nne, ncha zilianza kunenepa. Ya sita, matumba yalionekana kama mbegu za dengu. Wiki ya tisa, asubuhi ya Jumamosi, mimea minane ilichanua kwa pamoja, na mama mmoja aliyekuwa akija kufagia aliniita kwa sauti nikadhani pametokea ajali. Mzee wetu alifika Adhuhuri. Alisimama hapo muda mrefu, fimbo mgongoni. Akasema, "Maashaallah," kisha akauliza kama kijana wa zamu amekwishafunga kizibo cha ndiva.

Ile kumi iliyobaki chini ya taa hatukuing'oa. Tuliigeuza kuwa mimea mama. Kwa kuwa haichanui, nguvu zake zote huenda katika machipukizi, na machipukizi ya namna hiyo, yasiyo na tumba nchani, ndiyo bora kwa kupandikiza.

Kwa familia zinazotaka kujaribu, kazi yenyewe ni nyepesi. Vunja chipukizi changa lenye urefu wa kidole cha shahada, uondoe majani ya chini, ulichomeke katika mchanganyiko wa mchanga na udongo mwepesi, uliweke kivulini na kulinyunyizia maji kidogo asubuhi na jioni. Baada ya wiki mbili au tatu litakuwa na mizizi. Lipande mahali penye jua la asubuhi, kwa umbali wa futi moja baina ya mche na mche; huku tambarare jua la alasiri huchoma petali, hivyo ukuta au mwembe upande wa magharibi ni msaada. Anayepanda Aprili, mvua ikiwapo, atapata maua Juni na Julai. Likifikisha majani sita au manane, kata ncha. Hapa ndipo watu wengi huingiwa na huruma na kuharibu. Kata! Katika nchi yetu yenye usiku mrefu daima, mmea usiokatwa ncha hukimbilia kuchanua peke yake. Uliokatwa hutoa matawi manne au matano, na kila tawi na maua yake. Bibi yangu hukata mara mbili, na hung'oa kila tumba linalojitokeza kabla mmea haujafika magotini. Mwenye taa ya veranda anaweza kuiacha iwake usiku wiki tatu au nne za mwanzo, kisha aizime au ahamishie chungu upande wa giza. Sisi tulijifunza hilo kwa kosa.

Maji yapitie chini, yasimwagwe juu ya majani. Huko juu milimani, penye ukungu, majani yenye unyevu hupata kutu nyeupe, vipele vya rangi ya maziwa chini ya jani. Yakatwe na kuchomwa moto mapema. Huku kwetu adui ni vidukari na utitiri, na maji yenye sabuni kidogo, yakinyunyizwa jioni, hutosha mara nyingi. Walio na maji ya kisima chenye chumvi waache mvua za masika zisafishe udongo, wasiongeze samadi wakati wa ukame. Mashina yakizeeka katikati, baada ya mwaka mmoja au miwili, kichaka kigawanywe upya. Wapo wanaowashwa ngozi wakishika majani yake, hivyo wenye mzio wavae glavu.

Nimeulizwa mara nyingi kama ua hili hufukuza mbu. Swali hilo linatokana na udugu wake na pareto, ambayo ni ya jamii moja nalo na hulimwa katika nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya, maua yake yakikaushwa na kupelekwa kiwandani Mafinga kutengenezewa sumu ya wadudu. Pareto ndiyo yenye sumu hiyo kwa wingi. Krisanthemamu ya bustani haiwezi kazi hiyo, na anayeipanda dirishani badala ya kufunga chandarua anahatarisha watoto wake.

Limeulizwa pia suala la makaburi, kwa sababu wengine wameyaona maua haya katika mashada ya misiba, na Ufaransa watu huyapeleka makaburini kila mwanzo wa Novemba. Mtume (SAW) aliweka kuti bichi juu ya makaburi mawili, kama alivyopokea Ibn Abbas. Baadhi ya wanazuoni wa Kishafii wameona inafaa kuufuata mfano huo kwa mmea wenye ubichi. Wengine, kama al-Khattabi, wameona lilikuwa jambo mahususi kwa Mtume. Kamati yetu haikutaka kuingia humo. Maua ya uwanjani hayakatwi kwa harusi wala kwa msiba. Anayeyataka huchukua kipandikizi, akajilimie kwake, na hapo huulizana na sheikh wake.

Vumbi la uwanjani limepungua upande wa akina mama, ingawa si kwa maua peke yake. Majani ya ukoka yaliyofuata mfereji ndiyo yaliyoshika udongo zaidi. Na mwishoni mwa mfereji, pale maji yanapobaki, kuna tuta la mchicha. Hakuna aliyeruhusiwa na kamati kulipanda. Mzee hulipalilia mwenyewe baada ya Alfajiri, na Ijumaa hugawa mafungu kwa wasafiri.

Kofia ya debe imeanza kushika kutu na fundi ameahidi nyingine kabla ya masika. Vipandikizi vitatolewa kila Jumamosi baada ya Alasiri kuanzia wiki ya kwanza ya Aprili, bila malipo, kwa anayekuja na chombo chake. Watakaotoka milimani hawana haja ya kushuka. Wawaulize bibi zao.